Watu wa Luqmani

Luqmani alirudi Tanga kutoka Dar es Salaam na begi moja la nguo na mawili ya mitambo, akapanga chumba na ukumbi Chumbageni, akaanza kuwaeleza watu kazi yake. Hapo ndipo alipopata taabu. Akisema anatengeneza filamu, waliuliza waigizaji wake ni akina nani. Akisema hana waigizaji, kwamba watu wake anawachora kwenye kompyuta, anawajengea mji humo humo, kisha anawapa akili kidogo ya kutembea wenyewe, walisema kumbe katuni, na wakamuuliza kwa huruma kama hajafikiria kutafuta kazi. Mama yake, aliyekuwa akiishi Pangani, alishaona hilo halielezeki, akawa anawaambia watu kwamba mwanawe ni fundi wa kompyuta. Matokeo yake ni kwamba Luqmani akienda kusalimia nyumbani alikuta printa mbovu za ukoo mzima zinamngoja.

Mtu wa kwanza kumtafuta kwa kazi yenyewe alikuwa Bwana Uweso, mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Ngamiani, katika zile barabara zenye namba badala ya majina. Mtaa huo ulikuwa na tatizo moja kubwa. Masika ikifika, maji yalishuka kutoka barabara za juu, yakajaa hapo, yakakaa. Shirika moja lilikuwa limejitolea kuchimba mitaro katika mitaa michache ya mjini, na lilitaka kila mtaa uonyeshe watu wake wanaishije na wanapita wapi. Bwana Uweso alisikia kwamba wenzao wa Usagara wamepeleka karatasi tu. Akaamua kuwashinda kwa filamu.

Luqmani alikuja na kamera na futi ya kupimia. Alipima milango, mabaraza, vichochoro na upana wa barabara. Kisha akaomba wakazi wanaokubali wapigwe picha na watembee mbele yake, kwenda na kurudi, ili apate mwendo wa kila mmoja. Alidhani watakataa. Badala yake walikwenda kubadili nguo. Mzee Mselem, karani mstaafu wa bandarini, alitoka na kanzu na koti jeusi, akatembea kama mtu anayeongoza maulidi. Dharsi, mwenye duka la jumla pale kwenye kona, alifunga duka kwa muda, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi ya binti yake, akapita na mwavuli jua likiwaka. Mwanamkasi, mjane aliyekuwa akiuza mikate ya mofa, hakubadili kitu. Alikuwa anapita na sinia lake kichwani, akapita, na Luqmani akampiga picha hivyo hivyo akimpa mgongo.

Ni vizuri kueleza kidogo jinsi watu hao walivyokwenda, maana kisa kizima kilitokana na hilo. Luqmani hakuwavuta mmoja mmoja kama vikaragosi vya kamba. Kila mtu alimpa nyumba yake na shughuli zake: asubuhi unataka mkate, adhuhuri uko msikitini, jioni unarudi kwako. Njia programu iliitafuta yenyewe. Ukuta haupitiki. Kitu kilichozidi urefu wa muundi wa mguu hakipandiki. Na mtu akishindwa kufika aendako, basi aende mahali pa karibu panapofikika, asimame hapo angoje. Kanuni hiyo ya mwisho Luqmani aliiandika mchana mmoja akiwa anakula, akaisahau.

Filamu ilionyeshwa kwanza sebuleni kwa Bwana Uweso, baada ya swala ya alasiri, mapazia yameshushwa na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Sebule ilijaa mpaka ukumbini. Shuka lilipowaka, barabara yao ikatokea, na milango yao, na wao wenyewe wakitembea humo. Wakacheka kwa furaha. Walimtambua Dharsi kwa mwavuli, na Bi Zuwena, mke wa Mzee Mselem, kwa jinsi alivyotupa mguu wa kulia, na Mwanamkasi kwa sinia. Walipoona watu wanaruka madimbwi ya maji machafu, wengine wakishikilia kanzu juu, walicheka zaidi, kila mmoja akimcheka mwenzake.

Halafu jioni ikaingia kwenye shuka, na watu wakaanza kurudi makwao. Mzee Mselem wa kompyuta alitoka msikitini na koti lake, akafika mbele ya nyumba yake, akasimama. Akageuka kushoto. Akaenda mpaka nyumba inayofuata, akasimama mlangoni kwa Mwanamkasi, pua yake karibu iguse ubao. Wengine wote waliingia ndani. Jua la kompyuta likazama. Yeye alikuwa bado pale.

Mzee Mselem ndiye aliyekuwa akipewa nafasi ya kusema katika kila ndoa na kila hitima ya mtaa huo, na mada yake ilikuwa moja: wanaume ambao hawaendi makwao moja kwa moja. Kwa hiyo hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mzee Mselem akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mashine imeharibika.

Luqmani, ambaye hakuwajua watu hawa vizuri, alijibu kwa nia njema.

"Haijaharibika, mzee. Anafuata njia yake tu."

Usiku haujaingia habari ilikuwa imefika sokoni. Wenye kumtetea mzee walikuwepo, lakini hoja yao ilikuwa dhaifu, maana wenzao waliuliza kompyuta ingepata faida gani kumsingizia. Haina wivu, haimdai kitu, haijawahi kugombana naye. Dharsi, aliyewahi kufika Dubai, aliwaeleza wateja wake kwamba kule mitambo kama hiyo hutumiwa na polisi. Wapo waliosema inachukua habari kwenye simu ya mtu. Siku zilizofuata Mwanamkasi aliuza mikate mingi kuliko alivyowahi kuuza, ila wateja walikuwa wanalipa huku wanautazama mlango wake. Alivumilia, mwishowe akawaambia.

"Mkate ni huu. Mlango siuzi."

 Bi Zuwena alimtuma mtu kumwita Luqmani, na Luqmani akaenda na kompyuta yake, akijua amevunja nyumba ya watu. Alitoa shikamoo mlangoni, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa. Alipopanda kuingia ilimbidi ajishike kwenye fremu. Bi Zuwena alimkalisha, akampa chai na kaimati, kisha akamwomba amwonyeshe, taratibu, kwa nini yule mtu hakuingia. Mzee Mselem alikuwa amekaa pembeni na gazeti.

Luqmani aliifungua nyumba kwenye kioo, akaizungusha, akaisogeza karibu mpaka mlangoni. Sababu ilikuwa pale pale. Kipandio cha mlango huo, kwa vipimo alivyovichukua mwenyewe, kilifika magotini. Mzee alikijenga baada ya maji kuingia ndani mwaka mmoja, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini baadaye Bwana Uweso alijenga cha kwake kirefu zaidi, na mzee akaongeza tabaka jingine juu kumpita, akalitia marumaru. Watu wa Luqmani hawakuweza kukipanda; Bi Zuwena wake hakukwama hapo kwa sababu alikuwa bado hajampangia safari ya kurudi. Mlango wa karibu uliofikika ulikuwa wa Mwanamkasi. Hakukuwa na zaidi ya hilo.

Bi Zuwena alikitazama kile kioo. Kisha akamgeukia mumewe.

"Hata huyo wa kompyuta, asiye na maradhi, kimemshinda. Mimi nakipanda kila siku na magoti haya."

Mzee Mselem alikunja gazeti. Alisema amefurahi kwamba ukweli umejulikana, na sasa kijana airekebishe filamu. Bi Zuwena akamuuliza, na kipandio je? Mzee akajibu kwamba filamu ni rahisi zaidi, haihitaji saruji. Bi Zuwena alinyanyuka, akavaa baibui, akashuka kile kipandio kwa kujishika ukuta, akaenda kukaa kwa dada yake Chumbageni. Alirudi siku aliyoambiwa kwamba fundi ameshajenga kidaraja cha chini mbele ya kile cha juu. Alikikanyaga mara mbili kuhakikisha, akaingia ndani, akaenda kutazama mchele wake kama umepata wadudu.

Mtu angedhani mambo yameishia hapo. Lakini Mzee Mselem alimfuata Luqmani Chumbageni, kwa baiskeli, jua la saa tisa. Hakutaka sasa yule mtu wake apande kipandio tu. Alitaka awe msikitini, safu ya mbele, tangu filamu inaanza mpaka inakwisha, asitoke kabisa. Luqmani alimweleza kwamba filamu ni ya kuonyesha watu wanavyopita barabarani. Mzee akasema wapite wengine.

Aliporudi mtaani alieleza alichokipata, na wengine wakaona kwamba kumbe inawezekana. Wakaanza kumiminika kwa Luqmani. Dharsi hakutaka wateja wake waonekane wamesimama kwenye tope, kwa sababu hilo litawafukuza wateja wa kweli. Alitaka barabara mbele ya duka lake iwe kavu na duka liongezwe ghorofa, na yeye awe ameketi. Bwana mmoja alitaka atolewe Ngamiani kabisa aonekane Muskati. Wanawake waliomba waonekane sebuleni kwao, kadhaa wao wakitaka kupunguzwa viuno, na mmoja aliomba jirani yake aongezwe. Wanaume wakasikia kwamba Mzee Mselem amepewa safu ya mbele, wakaona si haki, nao wakaitaka. Na katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyekubali kuonekana anaruka maji machafu huku ameshika kanzu.

Luqmani alikwenda kwa Bwana Uweso kulalamika. Alimkuta mwenyekiti naye ana ombi lake: aonekane ofisini, na suti, mbele ya mafaili, asionekane barabarani. Kuhusu wengine alimwambia akubali yote.

"Mteja wako ni mtaa," Bwana Uweso alisema. "Na mtaa umeshasema."

Luqmani akafanya. Kazi ilimchosha kuliko ile ya kwanza, kwa sababu safu ya mbele haikutosha, ikabidi aurefushe msikiti mpaka ukuta wake ukaingia nyumba ya jirani. Alikausha barabara, akaondoa madimbwi. Kila alipomwondolea mtu safari yake alijisikia vibaya, kama anayewafunga watu miguu, lakini alikuwa amekwisha kupokea malipo ya awali na ameshayalipia pango. Mwanamkasi peke yake hakuja. Luqmani alimpitia kumuuliza kama ana la kubadilisha, akamkuta mikono imejaa unga. Mwanamkasi alimwambia amwache alivyo, na asiguse kitasa cha mlango, kimetoka kupakwa rangi.

Wageni wa shirika walikuja watatu, wakiongozwa na mhandisi aitwaye Praxeda, mwanamke mpole mwenye kusikiliza sana. Bwana Uweso aliwakaribisha kwa hotuba. Mapazia yakashushwa.

Filamu ilikuwa nzuri mno kuitazama. Nyumba ziling'aa. Duka la Dharsi lilikuwa na ghorofa na Dharsi aliketi ndani yake peke yake. Msikiti ulikuwa na safu moja tu, ya mbele, ndefu kupita kiasi, na humo wanaume wengine wote wa mtaa walikaa asubuhi mpaka jioni bila kuondoka. Barabarani hapakuwa na maji. Hapakuwa na mtu pia. Alipita Mwanamkasi peke yake na sinia lake, akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, hakuna aliyenunua.

Praxeda aliuliza kwa upole kama watu wamehama. Bwana Uweso akamhakikishia kwamba wote wapo na ni wazima. Praxeda akauliza maji yako wapi. Bwana Uweso alitazama nyuso za watu wake, wakamtazama na wao, akasema kwamba wakazi wa mtaa huu ni watu wasafi. Wageni walikunywa soda, wakashukuru, wakaondoka. Baada ya muda Bwana Uweso alipigiwa simu. Aliambiwa kwamba kazi itaanzia Usagara, ambako watu wapo.

Kisha masika ikanyesha. Maji yakashuka kutoka barabara za juu kama kawaida yake. Yaliingia dukani kwa Dharsi yakalowesha safu ya chini ya magunia ya unga. Kwa Bwana Uweso yalipanda yakapita kile kipandio kirefu, na kwa kuwa kilikuwa kirefu, yalipoingia hayakuweza kutoka. Wanawake waliacha kwenda sokoni. Mtoto mmoja aliteleza mtaroni, kama ule unaweza kuitwa mtaro, akavunjika mkono.

Mkutano uliitishwa, na kwanza wakamlaumu Luqmani. Walisema filamu yake ndiyo iliyowanyima mtaro, kwa sababu haikuonyesha ukweli. Luqmani aliwaacha wamalize. Kisha Bwana Uweso akasema amemsihi sana mhandisi na amekubali kuja tena, na kwamba itengenezwe filamu mpya, yenye maji. Hapo maombi yakaanza upya. Mzee Mselem alitaka aonekane kwenye maji ya kifua, amembeba mzee mwenzake mgongoni. Dharsi alitaka magunia yake yaelee, na idadi aliyoitaja hajawahi kuwa nayo maishani. Bwana wa Muskati aliomba arudishwe, azamishwe. Wawili waligombana pale pale kuhusu nyumba ya nani ilijaa zaidi.

Luqmani alifunga kompyuta yake.

"Nitaitengeneza," alisema. "Lakini sitaki kumwona mtu kwangu mpaka siku ya kuonyesha. Akija hata mmoja, naacha."

Wakakubali, wakidhani ni maringo ya ufundi. Na kwa kuwa aliwajua sasa, kesho yake alibeba mitambo akaenda Pangani kwa mama yake, akafanyia kazi huko, katikati ya printa.

Hakubuni kitu. Alirudisha watu wa mwanzo, na miendo yao, na shughuli zao. Msikiti aliurudisha ulivyo. Kidaraja kipya cha Bi Zuwena alikitia. Maji aliyaweka kwa kimo alichokipima siku ya mvua, ambacho hakikuwa cha kifua wala cha kiuno, kilikuwa cha muundi tu. Akawaachia watafute njia. Kisha akaketi kuwatazama, na mama yake akaja na uji akasimama nyuma yake akatazama pia, akauliza yule mwanamke wa mguu wa kulia ni nani, mbona anaonekana anaumwa.

Siku ya kuonyesha Praxeda alikuja peke yake, na viatu vya mpira. Luqmani alikaa nyuma ya projekta, karibu na mlango, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyepewa alichokiomba na wote walikuwa mle ndani.

Asubuhi ikaanza kwenye shuka. Watu wakatoka. Maji yalikuwa katikati ya barabara, basi programu ikawapeleka wote pembeni, kwenye ukingo mwembamba uliobaki chini ya kuta, mmoja nyuma ya mwingine. Aliyekuwa anakwenda alikutana na aliyekuwa anarudi, wakasimama uso kwa uso wakangojana, na nyuma yao msururu ukaongezeka. Mzee Mselem alibanwa kati ya Dharsi na ukuta, koti lake limeloa. Mwadhini alikuwa msikitini na watu wawili. Bi Zuwena alishuka kidaraja chake vizuri, akafika kwenye ule ukingo, akasimama na mguu wake. Akasimama sana. Kisha akageuka, akarudi ndani bila mkate. Mwanamkasi alikuwa upande wa pili na sinia limejaa.

 Dharsi alivua miwani akaifuta. Mzee Mselem, aliyekuwa na maneno tayari ya kupinga, alimtazama mkewe aliyeketi karibu naye, naye alikuwa anajitazama kwenye shuka kwa makini, kama mtu anayesoma habari za ndugu yake.

Praxeda aliuliza kama ndivyo ilivyo kweli. Bwana Uweso alifungua mdomo. Mwanamkasi akamtangulia.

"Ndivyo. Ila mimi ni mnene kuliko hapo."

Watu wakacheka, hata Mzee Mselem. Praxeda akaomba apelekwe nje akaone huo ukingo, na wote wakatoka naye, wakapita mmoja mmoja chini ya ukuta, wakagongana.

Mtaro ulichimbwa mwaka uliofuata. Ulitoka barabara ya juu ukapita msikitini, ukafika kwenye kona ya Dharsi, ukaishia hapo. Kipande kilichobaki kimeahidiwa. Siku ya kuufungua Bwana Uweso alieleza jinsi alivyobuni wazo la filamu na jinsi alivyosisitiza tangu mwanzo kwamba ukweli uonyeshwe. Mzee Mselem huwasimulia watu kwenye hitima kwamba mhandisi alilegea alipomwona yeye na koti lake limeloa. Dharsi anasema ni magunia, ingawa katika filamu hayakuonekana magunia. Bwana wa Muskati anaamini ni yeye, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba Luqmani alisahau kumrudisha.

Luqmani anaendelea na kazi yake Chumbageni. Sasa wateja anao, wengi wao ni maharusi wanaotaka kuonekana wakitembea katika majumba wasiyokuwa nayo, na anawatengenezea. Bi Zuwena alimpitia mara moja akitoka kwa dada yake, akakaa kupumzisha mguu, na katika mazungumzo akamuuliza yule Bi Zuwena wa kompyuta alimwacha wapi. Luqmani alimwambia kwamba alimwacha ndani, siku ile ya maji. Bi Zuwena akamwomba, kama si kazi kubwa, ayatoe maji yale, amfikishe kwa Mwanamkasi akachukue mkate wake. Luqmani akaifungua kompyuta, na wakakaa wote wawili wakimtazama anavyokwenda.